Mchumba Asiye na Habari

Gyrid alikuwa na pini mdomoni pale Bi Aslaug alipoingia bila hodi na kumuuliza shati liko wapi.

Aliingia na hasira zake, lakini viatu alivivua mlangoni, maana bondeni Raudal hata mtu aje kukuua atavua viatu kwanza. Akasimama katikati ya karakana na soksi zake nene za sufu, mikono kiunoni, akihema kwa kile kilima alichokipanda.

“Shati gani, Bi Aslaug?” Gyrid alizitema pini kiganjani. “Tallak mwanao aliagiza koti, kizibao na suruali ya magotini. Shati hakuagiza.”

“Hakuagiza! Haya, sikilizeni maajabu.” Bi Aslaug alicheka kicheko kikavu. “Tangu lini bwana harusi akaagiza shati? Shati la bwana harusi hushonwa na bibi harusi kwa mkono wake, akalileta kwa mama mkwe kabla kondoo hawajapandishwa mlimani. Mimi nililipeleka. Mama mkwe wangu naye alilipeleka. Hata yule mke wa Sveinung, ambaye akishika sindano utadhani kashika nyoka, alilileta, ingawa mkono mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwenzake.”

Gyrid aliinamisha uso. Habari za bibi harusi wa Tallak alikuwa hazitaki hata kuzisikia. Majira yote ya baridi alikuwa ameshona koti la harusi la mwanamume anayempenda, ili alivae akimwoa mwanamke mwingine. Kila mshono aliupitisha na moyo wake mle ndani, na asubuhi aliosha uso kwa maji ya theluji ili macho yasivimbe. Sasa na shati pia?

“Basi kamuulize bibi harusi mwenyewe,” alisema.

“Si ndiyo namuuliza!”

“Unamuuliza nani?”

“Wewe!”

Jamani, kuna kushtuka na kuna kushtuka. Kuna kule kwa mtu aliyeangusha sahani, na kuna kule ambako mwili mzima unasahau kazi yake. Gyrid alisahau hata kuvuta pumzi. Pini zilimponyoka zikatawanyika sakafuni, wala hakuziona zikienda.

“Mimi... nani?”

“Wewe Gyrid. Au mna mwingine humu?” Bi Aslaug alichungulia chini ya meza ya kukatia kitambaa, kwa kejeli, kama anayetafuta paka. “Simwoni.”

“Bibi harusi wa Tallak ni Signy.”

“Signy yupi?”

“Signy wa hotelini. Nimewaona kwenye gari wanacheka.”

“Signy ni mtoto wa dada yangu!” Bi Aslaug alijipiga mapaja. “Amuoe binamu yake? Hivi nyie watu wa jiji la Bergen mnatuonaje sisi? Mvua ya kwenu imewalowesha mpaka akili!”

Gyrid alikaa. Hakuchagua pa kukaa, alijikuta tu yuko juu ya furushi la kitambaa cha sufu nyeusi. Alitaka kucheka, alitaka kulia, vyote kwa pamoja.

“Bi Aslaug, mwanao hajawahi kunitamkia neno la ndoa. Hata nusu ya neno.”

“Ulimpima au hukumpima?”

“Nilimpima. Mimi fundi, nisimpime?”

“Kwa nini?”

“Kwa ajili ya koti!”

“Sikuulizi kwa ajili ya nini. Nakuuliza ulimpima kwa kitu gani.”

“Kwa karatasi,” alisema Gyrid polepole.

Bi Aslaug alinyoosha mikono juu kama mtu aliyeshinda kesi.

Sasa tumwelewe huyu binti. Gyrid si fundi wa kufungua cherehani akapiga mshono wa haraka. Nguo zake za kiume ni zile za enzi za mababu, na anazishona kama mababu walivyoshona: uzi wa kitani uliopakwa nta ya nyuki, matundu ya vifungo kwa mkono, kifua cha koti kilichojengwa kwa kitani na manyoya ya farasi mpaka kisimame chenyewe. Utepe wa kupimia wenye namba haumo ndani ya karakana yake, kwa sababu mafundi wa zamani zile hawakuwa nao. Wao kila mtu walimkatia ukanda wake mmoja wa karatasi, wakaweka alama kwa mkasi: hapa kiwiko, hapa kiuno, hapa goti. Gyrid ana kanda nyingi kama hizo ukutani, za watu wa maonyesho na makumbusho kutoka mijini. Mtu wa Raudal hakuwahi kumpima. Wanaume wa Raudal huvaa makoti waliyoachiwa na babu zao, wakipanuka wanaachia kifungo.

Tallak alikuwa wa kwanza. Alikuja siku ya theluji nyingi, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akasema anataka koti la harusi. Gyrid alihisi kitu kimemkatika kifuani, lakini akatabasamu kifundi.

“La zamani?” aliuliza.

“La zamani.”

“Kila kitu kama zamani?”

“Kila kitu,” alisema Tallak, na masikio yakamwiva.

Basi Gyrid, kwa maringo yake ya kazi na kwa kutaka kuficha machozi, akasema: “Kama ni hivyo, hata kukupima nitakupima kizamani.” Akachukua karatasi. Akamzunguka nyuma, akaiweka kwenye kikosi chake, nyuma ya shingo, akakata alama ya kwanza. Tallak alitetemeka. Gyrid alidhani ni baridi ya mkasi.

“Na huyo bibi harusi, anajua?” alimuuliza, akijitia utani, maana lazima mtu aulize kitu.

“Nadhani sasa anajua,” alijibu Tallak, kwa sauti ndogo iliyojaa furaha.

Furaha ile ndiyo iliyomuua Gyrid miezi yote ile.

“Karatasi ni ya mke,” Bi Aslaug alikuwa akisema. Sauti yake imeshuka kidogo, labda kwa sababu uso wa Gyrid ulikuwa umebaki mweupe kama chaki. “Raudal mwanamke asiye mama yako akikukatia alama ya karatasi kikosini, huyo ni mkeo. Kinachobaki ni mchungaji wa kanisa. Mtoto mdogo wa hapa anajua.”

“Mimi si mtoto wa hapa! Na kwa nini hakuna aliyeniambia? Miezi yote hii, dukani, kanisani...”

“Bibi harusi hatajiwi harusi yake mpaka shati lifike. Ni mkosi. Tunamtabasamia tu.”

Tabasamu! Gyrid alishika mashavu. Wale akina mama dukani waliokuwa wakimtabasamia na kumpisha kwenye foleni. Mchungaji aliyemkonyeza. Yule mzee wa maziwa aliyeinua kofia. Yeye alidhani wameujua moyo wake na wanamhurumia, akawa anarudi nyumbani kwa njia ya nyuma ili asionwe.

“Na mimi,” Bi Aslaug aliendelea, “sikukutaka, nakwambia wazi. Nilitaka mtu wa hapa, anayejua kuzalisha kondoo. Lakini mwanangu kapimwa, nikasema haya, nikameza. Nimeoka mikate ya harusi mpaka mgongo umegoma. Nimealika bonde zima. Unakuja kuniambia huna habari?”

Gyrid hakupata nafasi ya kujibu. Nje buti zilikung’utwa ukutani, mlango ukafunguka, na Tallak akainama kupita, maana milango ya kule ilijengwa kwa ajili ya watu wafupi. Ilikuwa siku ya jaribio la mwisho la koti. Alikuwa amenyoa, amejikata kidogo kidevuni, na alinukia sabuni na nyasi kavu. Alimwona Gyrid kwanza, macho yakamlainika. Ndipo akamwona mama yake.

“Mama? Unafanya nini huku?”

“Mchumba wako hana habari.”

“Hana habari ya nini?”

“Ya kuwa yeye ni mchumba wako.”

Tallak alitabasamu akingoja mwisho wa mzaha. Mwisho haukuja. Alimwangalia mama yake, akamwangalia Gyrid juu ya lile furushi, na tabasamu likaanza kumtoka taratibu, kwanza machoni, halafu mdomoni.

“Gyrid?”

“Hukuniambia,” alisema Gyrid. Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine. “Tallak, hukuniambia kitu.”

“Ulinipima.”

“Mimi hupima watu! Ndiyo kazi yangu!”

“Lakini wewe mwenyewe uliichukua karatasi.” Alisema bila kugomba, kama anayejieleza mwenyewe kwanza. “Mimi nilikuja nimejipanga kukwambia. Maneno nilikuwa nimeyakariri wiki nzima, nayasema zizini. Kabla sijafungua mdomo ukasema utanipima kizamani. Ukanizunguka. Ukakata. Nikajua umeshanijibu, basi nikasema niseme nini tena? Nilirudi nyumbani nakimbia, Gyrid. Mtu mzima mimi, nakimbia kwenye theluji.”

“Kwetu Bergen mwanamume hufungua mdomo!”

“Kwetu Raudal mwanamke hakati alama kikosini kwa mchezo!”

Wote wawili walishtuka. Tallak hakuwa na desturi ya kupaza sauti, hata kwa kondoo dume. Akashika ukingo wa meza, na hapo macho yake yakaangukia kando ya jiko, kwenye sanduku kubwa la safari lililofungwa mkanda.

“Hilo nini?”

Gyrid aliinama kuokota pini.

“Gyrid, hilo sanduku la nini?”

“Naondoka Jumamosi. Nimepata kazi Bergen, kushona mavazi ya maonyesho. Nilitaka nikukabidhi koti lako leo, niende.”

“Kabla ya harusi?”

“Ndiyo. Kabla ya harusi.”

Damu ilimhama Tallak usoni. Aliuona upumbavu wake wote kwa mara moja, ndivyo alivyodhani: kuni alizompasulia, nyama ya kondoo aliyomletea, theluji aliyomzolea mlangoni kila asubuhi kabla hajaamka, na mwanamke anafunga virago. Akaanza kuvua koti lake la kazi, akalivaa tena, hajui anafanya nini.

“Basi nimekosea,” alisema. “Unisamehe. Nimekuaibisha mbele ya watu.”

“Yamekwisha,” Bi Aslaug alikata. Kidevu kilimtetemeka, lakini alijikaza. “Sitaki kelele. Mwanamke asiyetaka huirudisha karatasi mkononi mwa mama wa mume, na hakuna wa kumuuliza tena. Ndivyo tunavyofanya. Nipe karatasi ya mwanangu, niende nikawaambie watu.”

Alinyoosha kiganja.

Gyrid aliinuka. Alikwenda ukutani penye misumari, akaanza kupekua kanda moja baada ya nyingine, ingawa alijua vizuri sana kwamba anapekua bure. Alirudia tena kutoka mwanzo.

“Haipo?” aliuliza Bi Aslaug.

“Ipo.”

“Iko wapi?”

“Bi Aslaug, nitakuletea kesho.”

“Naitaka sasa. Iko wapi?”

Loo, ardhi ingekuwa na huruma ingepasuka immeze. Gyrid alitembea mpaka kwenye sanduku, akapiga magoti, akafungua mkanda. Akatoa sweta. Akatoa sweta nyingine. Akatoa gauni lake la sikukuu, na chini kabisa, pale mtu anapoweka kitu asichotaka kivunjike, akatoa kitambaa cha hariri cha marehemu mama yake. Ndani ya hariri ile mlikuwa na ukanda mmoja wa karatasi uliokunjwa vizuri, una alama kikosini, begani, kiwikoni, na jina la Tallak kwenye ncha kwa mwandiko wake.

Bi Aslaug alibaki na kiganja hewani.

“Ewe binti,” alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa imebadilika kabisa. “Unamkimbia mtu, na vipimo vyake umevibeba?”

Gyrid alijaribu kumpa karatasi. Alinyoosha mkono, kweli alinyoosha, lakini vidole viligoma kuachia. Bi Aslaug alivuta kidogo upande wake, Gyrid akashikilia upande wake, wakatazamana.

“Nilidhani unaoa mtu mwingine,” Gyrid alisema, naye hakuwa akimwambia Bi Aslaug. “Ningewezaje kukaa hapa nikuone umelivaa koti hilo? Nilitia pamba kwenye bega la kushoto kwa sababu najua lile bega lako limeshuka, sikutaka watu waone siku ya harusi yako. Nikasema akapendeze huko aendako. Nikasema hii karatasi hawaihitaji, nitaichukua. Ndiyo wizi wangu huo. Haya, nimesema. Chekeni.”

Hakuna aliyecheka. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Tallak alimgeukia mama yake akamwambia: “Mama, toka nje.”

“Nini?”

“Toka nje, mama. Tafadhali.”

Bi Aslaug aliiachia karatasi. Akavaa viatu vyake polepole, huku akinung’unika kwamba mtoto umnyonyeshe, umlee, halafu akufukuze nje mvuani, na mlango ukafungwa nyuma yake. Hakwenda mbali. Kivuli chake kilionekana kwenye kioo cha mlango.

Tallak alibaki amesimama na mikono yake mikubwa isiyojua pa kukaa.

“Hayo maneno uliyoyakariri zizini,” alisema Gyrid, bado yuko magotini mbele ya sanduku, machozi yakimshuka bila kuyafuta. “Yaseme sasa.”

“Nimeyasahau.”

“Tallak!”

“Usinifokee, nikifokewa ndiyo yanapotea kabisa.” Alivuta pumzi. “Nimetoboa dirisha.”

“Umefanya nini?”

“Kule nyumbani. Ukuta wa kaskazini. Ulisema fundi mzuri hushonea penye mwanga wa dirisha la kaskazini kwa sababu haubadiliki. Hukuniambia mimi, ulikuwa unamwambia mteja, mimi nilikuwa naleta kuni. Basi majira haya ya baridi nimetoboa ukuta, nikatia dirisha kubwa, na chini yake nimejenga meza ya kukatia. Mama alisema nitaigandisha nyumba nzima. Na kweli kumekuwa na baridi, tumelala na makoti. Nilidhani unajua ni lako.”

Gyrid alimtazama. Alikuwa ameshtuka mara nyingi asubuhi ile mpaka alidhani mshtuko umemwishia, kumbe ulikuwa haujaanza. Mwanamume huyu alikuwa amevunja ukuta wa nyumba ya baba yake, katikati ya baridi ya Raudal, kwa sentensi moja ambayo yeye hata haikumbuki. Alijaribu kusema kitu, kikatoka kilio.

Tallak alipiga magoti naye, kati ya masweta yaliyotapakaa, lakini hakumgusa.

“Nakupenda, Gyrid. Hilo nilipaswa kulisema kabla ya dirisha.”

“Ulipaswa!” Gyrid alimpiga kifuani kwa kiganja, si kwa nguvu, kisha kiganja kikabaki palepale. Moyo wa Tallak ulikuwa unadunda kama wa mtu aliyekimbizwa. “Ulipaswa kulisema kabla ya theluji, kabla ya kuni, kabla ya kila kitu! Unajua nimelia kiasi gani? Kizibao chako nimekifua kwa sababu ya machozi!”

“Nisamehe.”

“Sikusamehe leo.”

“Sawa.”

“Na hiyo harusi ya wiki mbili zijazo, siolewi.”

Tallak alifumba macho. Aliinamisha kichwa mara moja kukubali, kama mtu aliyepokea hukumu aliyoitarajia. “Sawa,” alisema tena, na hiyo ya pili haikutoka vizuri.

“Sijamaliza,” alisema Gyrid. “Watu wote wa bonde hili wamekuwa na uchumba wangu, wameutabasamia dukani, wameuokea mikate, isipokuwa mimi. Mimi nimepata nini? Nimepata kulia. Nataka uchumba wangu, Tallak. Uje unione nikiwa najua unakuja kwa nini. Unishike mkono kanisani watu wakiona. Uniambie hilo neno ulilolisema sasa hivi mpaka nilizoee. Nikishiba, ndipo nitakwambia twende kwa mchungaji.”

Tallak alifumbua macho taratibu. “Kwa hiyo huendi Bergen?”

“Nitakwendaje Bergen, na wewe umetoboa ukuta?”

Alicheka, halafu akaanza kulia, mwanamume mrefu vile, akaficha uso begani mwa Gyrid, na Gyrid akamshika kichwa.

“Na wageni?” Tallak aliuliza begani pale. “Mama amealika bonde zima.”

“Waje. Watakula uchumba.”

Kivuli kilisogea kwenye kioo. Bi Aslaug aligonga kwa pete yake, akapaza sauti kushinda mvua: “Jamani, niwaambieje watu? Harusi ipo au haipo?”

Tallak aliinuka, akajifuta uso kwa mkono wa shati, akafungua mlango.

“Imesogezwa mbele, mama.”

“Imesogezwa! Nani kasema?”

“Mchumba wangu,” alisema Tallak.

Gyrid alikuwa hajawahi kulisikia neno hilo kinywani mwa Tallak. Ikabidi ashike ukingo wa sanduku.